Zamu ya Privatus

Muleba, 4 Agosti 2024

Kwa Shemeji Edvina,

Salamu, waitu, ndugu yetu. Sisi huku wazima, ila Mama mguu unamsumbua kama kawaida. Natumaini hapo Nshambya nanyi hamjambo. Namba yangu umeibloku, ndiyo maana nimempa dereva wa basi karatasi.

Tangu tumzike Privatus mwezi wa sita sijaugusa ule mchezo wetu wa kompyuta. Miaka minne kaka yangu alikuwa na dola yake na mimi yangu, kila mmoja akicheza zamu yake kwa mtandao, yeye Bukoba, mimi huku dukani. Labda hujui: humo mtu hujenga miji, hukusanya michoro na sanamu, hubadilishana na wenzake, na dola ambayo sanaa yake inavuta wageni wengi ndiyo inayoshinda. Juzi nimeufungua nitazame tu miji yake. Nikakuta zamu yake imechezwa. Makumbusho aliyoyajaza michoro kwa mwaka mzima sasa yana sanamu. Michoro imepelekwa dola nyingine.

Nani amemruhusu mtu kutoa vitu vya marehemu? Kama ni wewe, acha. Na hiyo laptop irudi kwetu.

Shemeji yako,
Ildefons

Bukoba, 10 Agosti 2024

Shemeji Ildefons,

Salamu nimezipokea. Mama mpe pole ya mguu. Sisi tupo.

Ni mimi. Na mchezo naujua. Makumbusho yenye kazi za aina moja tupu huvuta wageni maradufu. Michoro iliyobaki ya kuyakamilisha ulikuwa nayo wewe, na ulikuwa huitoi, basi nikabadilisha yote kwa sanamu. Ungekuwa mimi ungefanya hivyo hivyo. Laptop ni ya nyumba hii na haitoki.

Kwenye msiba ulilia kuliko wote. Lakini tangu alipolazwa mwezi wa kwanza hadi siku ile, hukukanyaga hapa. Magari ya Muleba yanapita Kemondo kuja Bukoba kutwa nzima.

Mke wa kaka yako,
Edvina

Muleba, 24 Agosti 2024

Shemeji,

Natumaini u mzima. Mimi si mzima sana, lakini nitakujibu.

Ukifungua mchezo utakuta nimekutangazia vita. Mji wako wa bandari nimeuteka, na makumbusho yake na kila kilichomo ni vyangu.

Usinifundishe habari za kaka yangu. Kila siku nilikuwa naye humo. Alituambia ni ini tu, anatibiwa, na zamu zake ziliendelea kuja mpaka wiki ya mwisho, tena za akili kweli. Mtu anayecheza hivyo utajuaje kwamba anakufa? Mwezi wa tano alinipa sanamu ya mpiga ngoma bila kudai chochote. Nilielewa ananiaga. Hilo huwezi kuninyang'anya. Wewe uliyekuwa naye chumbani ndiye uliyenyamaza.

Shemeji yako,
Ildefons

Bukoba, 30 Agosti 2024

Ildefons,

Leo sina salamu.

Tangu Kwaresima niliyekuwa nacheza ni mimi. Macho yalimwishia nguvu, vidole vikavimba, akaniambia, "Cheza wewe. Ildefons asijue, atamwambia Mama." Mwanzoni alinielekeza akiwa kitandani, baadaye hata hilo likamshinda. Hizo zamu za akili unazozisifu ni zangu.

Mpiga ngoma nilikupa mimi. Hakuna mchezaji anayetoa kazi kama ile bure. Nikasema moyoni, ataona hili si la kawaida, atapiga simu aulize kuna nini. Ulituma dole gumba.

Huo mji kaa nao.

Edvina

Muleba, 17 Novemba 2024

Shemeji Edvina,

Hamjambo? Huku senene wameanza kuanguka. Mama amekutumia kidogo, dereva anao kwenye kopo.

Nimekurudishia mji wako pamoja na kazi zake zote. Naona hujaupokea, mchezo unangoja zamu yako tangu Septemba. Sikuandikii ili tucheze. Nimepitia tena zamu zote za mwaka huu, nikashindwa kumtenganisha yeye na wewe. Nakuomba jambo moja, hata kama hutaki kuniona. Zamu yake ya mwisho, aliyoicheza kwa mkono wake, ilikuwa ipi?

Shemeji yako,
Ildefons

Bukoba, 1 Desemba 2024

Shemeji,

Senene wamefika. Mwambie Mama nimeshukuru.

Ilikuwa wiki ya Jumatano ya Majivu, Kwaresima ilipoanza. Ulikuwa umeomba mchoro wake wa ziwa, ukaweka sanamu mbili badala yake. Yalikuwa mabadilishano mazuri, nikamwambia akubali. Akacheka mpaka akakohoa. Akasema, "Mnyime. Akiutaka sana atapanda gari, aje tugombane hapa hapa." Akabonyeza kukataa yeye mwenyewe, halafu akaniomba nimsaidie kuvaa shati.

Wiki ile yote, kila geti lilipogongwa, aliuliza kama ni wewe.

Mke wa kaka yako,
Edvina