Mstari Wako wa Penseli, Fundi

Ni mwaka mmoja sasa, na siku nne juu yake, tangu ulipoacha mlango wa kibanda chako nusu wazi, ukamwambia mkeo kwamba unakwenda kujinyoosha kidogo, nawe hukuamka tena. Hizo siku nne si usahaulifu. Tangazo hili lilikuwa litoke siku yenyewe, na wanao waliniuliza kwa nini nalichelewesha. Niliwajibu kwamba shangazi yao ana jambo moja hajalimaliza. Sasa limekwisha. Familia imeniachia kalamu mimi, dada yako mkubwa, kwa kuwa mwandiko wangu wasomeka, na kwa kuwa hapakuwa na aliyethubutu kuidai.

Ulikuwa fundi viatu kwa miaka thelathini na tisa katika kibanda kile kile, kati ya duka la dawa na ukuta wa posta. Kiatu cha mfiwa ulikishona kabla ya vyote, hata kama kimeletwa cha mwisho, maana ulisema si adabu mtu akamzike mzazi wake huku soli inapiga makofi. Viatu vya wanafunzi ulivipaka rangi bila kuombwa. Wanasiasa uliwaacha wasubiri kwenye benchi, pamoja na watu wengine.

Hukumtazama mtu usoni kwanza. Ulianza na miguu, kisha ukapanda taratibu. Wifi yangu asimulia hadi leo kwamba siku ya kwanza ulipokwenda kujitambulisha kwao, kabla hujapewa hata kiti, ulimwambia baba yake, "Mzee, kisigino chako cha kushoto kimelika upande wa nje. Nyonga inakusumbua." Nyonga ilikuwa imemsumbua miaka sita, wala hapakuwa na aliyemuuliza. Mahari ikawa mazungumzo mafupi.

Ndivyo ulivyowatazama na ndege.

Kila majira ya baridi, wageni wa mbali hushuka kwenye mabwawa ya kusafishia maji, nyuma ya mitambo. Wengi wao ni wale wale wa kila mwaka. Wachache ni adimu, na kwa ajili ya hao wachache watu wazima wenye kazi zao wameamka alfajiri miaka mingi, wakasimama kwenye matope wakiwa na darubini za kuazimana. Ubao wenu ulikuwa nyuma ya mlango wa kibanda chako: nani ameona nini, bwawa lipi, saa ngapi. Baadaye likaja kundi la simu, na habari zikawa nyingi kuliko ndege.

Kwa sababu hiyo uliniomba nitunze daftari. Nilikuwa nimestaafu usimamizi wa wodi, nawe ulinijua. Katika wodi yangu dawa isiyoandikwa haikutolewa, na aliyekosea kuandika hakufuta. Alipiga mstari mmoja kwa rula, akatia sahihi, ili kosa lionekane. Ulizipenda sheria hizo, ukaongeza zako. Ndege aliyeonwa na watu wawili, au na mmoja aliyeziona alama zote zipasazo, ataandikwa kwa wino. Mwingine yeyote, penseli. Na dada wa duka la dawa alipotaka kumtilia wino korongo wake, kwa hoja kwamba wa namna ile ile ameonwa na wengi mwaka uliofuata, ulimjibu, "Hapana, dada. Ndege wa mwaka huu hamtolei ushahidi ndege wa mwaka jana." Alikununia wiki mbili, kisha akaleta viatu.

Wala hukujipendelea. Sote twakumbuka ulipotangaza kwamba nyuma ya kibanda kuna kitwitwi mgeni, mlio mwembamba, siku ya tatu sasa. Walikuja watu tisa, wakasimama kimya wakizuia hata kikohozi. Kimya kikadumu nusu saa. Wewe ukachoka kukaa bure, ukarudi kwenye mashine yako kushona mkoba wa mtu, na papo hapo ndege akalia. Ukasita, akanyamaza. Ukakanyaga tena, akalia.

"Fundi," mpeleka barua alisema polepole, "huyo ndege wako anakula mafuta ya aina gani?"

Hukungoja wacheke. Ulilichukua daftari kutoka mikononi mwangu, ukapiga mstari kwa rula, ukaandika pembeni: *Mashine. Imetiwa mafuta.* Mstari huo ungalipo, na wageni huonyeshwa.

Sasa nije kwenye lile lililonichelewesha.

Kuna vitwitwi wawili wenye miguu myekundu. Mmoja mlimwita Karani, kwa kuwa yuko kila bwawa, kila mwaka, analalamika. Wa pili mlimwita Mkaguzi, kwa kuwa huja mara moja baada ya miaka mingi, bila taarifa, akazunguka akaondoka. Wakiwa wamesimama wanafanana kama mapacha kwa mtu asiye na subira. Alama isiyo na ubishi huonekana wakiruka: Karani ana weupe mpana ukingoni mwa bawa, na Mkaguzi hana. Wewe ulimtafuta Mkaguzi miaka ishirini na miwili.

Wiki tatu kabla ya kutuacha, uliingia kibandani matope yamekufika magotini, ukaketi kwenye kigoda bila kuvua koti. Tulikuwapo mpeleka barua, dada wa duka la dawa, na mimi.

"Yuko," ulisema. "Bwawa la tatu. Miguu mirefu, myekundu iliyoiva. Mdomo mwekundu chini tu, kwenye shina, kama umechovywa upande mmoja."

"Aliruka?" niliuliza.

"Hakuruka."

"Ulimngoja?"

"Saa mbili, dada. Alisimama kwa mguu mmoja akalala. Kisha mlinzi akanitoa, wanafungua maji."

Mpeleka barua akacheka. "Fundi, wewe nawe. Sema aliruka. Nani atakwenda kumhoji ndege?"

"Na kwa miguu ulivyo bingwa," dada wa duka la dawa akaongeza, "nani atakubishia?"

"Dada mkubwa."

"Dada mkubwa hakuwepo."

"Mimi nilikuwepo," ulisema, na mjadala ukaisha.

"Basi ni penseli," nikasema.

"Penseli," ulikubali, ukanichongea wewe mwenyewe kwa kisu chako cha kukatia ngozi.

Nikaandika maneno yako kama ulivyoyatoa, nikafunga daftari, nikakuuliza kama umekula. Hilo ndilo nililokuuliza. Miaka ishirini na miwili ulimngoja ndege yule, neno moja dogo lingekupa wino, na hukulitamka. Nililiona hilo, mdogo wangu, kwa macho mawili, na sikukuambia chochote. Tulilelewa hivyo: aliyetenda lililompasa hapigiwi vigelegele. Leo nakuambia mbele ya watu: nilijivunia kuwa dada yako.

Mwaka ulipokaribia kutimia, tulikutana sebuleni kwako kupanga tangazo hili. Mkeo akaliweka daftari mbele yangu, limefunguliwa penye mstari wako.

"Wifi," alisema, "mtilie wino sasa. Mtu amekwenda. Mwacheni aende na ndege wake."

"Ni mstari mmoja tu, shangazi," mwanao akasema.

"Hata uongo mwingi ni mstari mmoja tu," nikamjibu.

Mkeo akanitazama. "Wewe, wifi, Mungu alikupimia moyo kwa rula."

Sikujibu, kwa kuwa yeye ndiye mfiwa. Lakini nililichukua neno hilo hadi nyumbani, nikalala nalo, nikaamka nalo. Asubuhi nikavaa viatu vyangu vyeusi, vile ulivyovitia soli mara ya nne ukaniapia kwamba vitanizika, nikaenda mabwawani. Sikuwa na hoja ya kisheria. Nilitaka tu kusimama uliposimama.

Siku ya kwanza mlinzi aliniletea kiti chake kwa heshima ya mvi. "Bibi, unamngoja nani huku?"

"Mkaguzi," nikasema.

Alichomeka shati, akaenda kufagia lango lote. Nilimweleza siku ya pili.

Siku ya nne palikuwa na Karani saba na upepo. Siku hiyo ndiyo uliyotimiza mwaka. Wanao walinipigia simu mara tano kuhusu tangazo, niliwaambia kesho. Nikasema kesho tena, na tena. Mpeleka barua, akiwa likizo, alikuja kunisindikiza, baiskeli akiiegemeza kwenye ua wa waya, akidai amepita tu.

Siku ya saba ya kungoja kwangu, ambayo ni jana, alikuwapo. Bwawa la tatu, mahali ulipotaja. Sikuhitaji kuambiwa. Miguu ilikuwa myekundu iliyoiva, kama ulivyosema, na mdomo umechovywa upande mmoja. Naye, kama vile alikuwa na agizo, akakunja mguu mmoja akalala.

Saa ya kwanza ikapita. Magoti yangu yakaanza kunena.

"Nirushe kijiwe?" mpeleka barua alinong'ona. "Kidogo tu, pembeni."

"Rusha, nami nikung'oe macho, ukatafute wa kukusomea barua zako."

Saa ya pili ikapita. Mlinzi akaja kutuambia wanafungua maji, akatutazama, akarudi akasema watafungua baadaye. Huyo mlinzi ni mgeni. Yule aliyekutoa amehama. Hatimaye maji yalifunguliwa, yakanguruma kwenye bomba, na ndege akaamka, akapiga hatua mbili, akaruka juu yetu akilia mara moja.

"Umeona?" mpeleka barua akaniuliza.

"Sema wewe kwanza. Ulichokiona wewe."

"Bawa tupu," alisema, na sauti yake haikuwa ya mzaha. "Hakuna weupe, dada. Hakuna hata chembe."

Nami niliona hivyo hivyo. Mashahidi wawili, alama zote. Jioni hiyo kibandani niliandika kwa wino: Mkaguzi, mmoja, bwawa la tatu. Ni wino wa kwanza wa jina hilo tangu daftari lianze. Kundi la simu likajaa pongezi, na wote wakasema neno moja: *Sasa mtilieni na Fundi.* Dada wa duka la dawa pekee ndiye aliyenyamaza, na nikajua kwa nini.

Mkeo alikuwapo, na binti yako, ambaye sasa ndiye fundi wa kibanda. Nilifunua nyuma hadi kwenye mstari wako. Ulikuwa umefifia. Wengi wameushika ukurasa ule mwaka huu, kila mmoja kwa kidole chake, na neno *myekundu* lilikuwa karibu kutoweka. Kalamu ya wino nilikuwa nayo mkononi, iko wazi. Sitasema kwamba sikutaka.

"Wifi," nikasema, "siwezi. Ndege wa mwaka huu..."

"...hamtolei ushahidi ndege wa mwaka jana," mkeo alimalizia. Akacheka kidogo, akajifuta macho kwa upande wa kiganja. "Angekufokea, wifi. Ungemtilia wino, angetoka huko aliko kuja kukufokea."

Binti yako alikuwa ameinuka. Alifungua droo, akatoa penseli, akaichonga kwa kisu chako cha ngozi hadi ncha ikawa nyembamba kama sindano yako, akanipa. Nikaupitia mstari wako upya, herufi moja baada ya nyingine, kwa penseli, juu ya alama zile zile, bila kuongeza neno. *Hakuruka* nimeliandika kwa uangalifu kuliko yote. Mkeo alishikilia ukurasa usiteleze.

Tumekubaliana kwamba kila mwaka, siku yako, mstari huo utapitiwa tena, ili usifutike. Mimi nimesimamia wodi, na siachi kazi bila mtu wa zamu. Baada yangu ni binti yako; baada yake ni mwanao, ambaye mwandiko wake utatengenezwa kabla ya hapo. Wino umekauka kwenye ukurasa wa mwaka huu na hauna shida nasi tena. Mstari wako utatuhitaji.

Kibanda kiko wazi. Viatu vya wafiwa bado hushonwa kwanza. Mashine imetiwa mafuta.

Unakumbukwa na mkeo, anayefunga mlango wa kibanda kila jioni kwa mkono wake. Na binti yako aliyekalia kigoda chako. Na mwanao na mke wake. Na wajukuu zako watatu, ambao huwatazama watu miguu hadharani na hatujaweza kuwakanya. Na mimi dada yako. Wanakukumbuka pia mpeleka barua, dada wa duka la dawa, na wote wa ule ubao wa nyuma ya mlango.

Daima tutakukumbuka, Fundi. Penseli imechongwa.