Msalaba Usio na Kichwa

Kitanga, 9 Julai 2014

Mpwa wangu Evaline,

Mkoa mzima wa Kigoma sasa unajua kwamba mambo ya Roma ya kale huulizwa kwa mjomba wako! Hujambo huko Kibondo? Sisi wazima, maharage tumeshavuna.

Ule msalaba niliouahidi kwa harusi yako ya Jumamosi nimeusimamisha kanisani. Katekista Castory alipouona hauna kichwa, umekaa kama herufi T, akapiga kelele: "Longinus, umetuletea nguzo ya umeme! Evaline hafungi ndoa chini ya kitu hiki!"

Nikamwambia, "Tulia, katekista. Mwalimu Shadia wa historia, yule wa Tanga, ameniambia kuna Wakristo wa kale walioandika kwamba msalaba ambao Warumi walimsulubishia Yesu ulifanana na T ya Kigiriki."

Castory akajikuna kidevu, kisha akauliza, "Na kile kibao cha 'Mfalme wa Wayahudi' kilichowekwa juu ya kichwa chake, kilipigiliwa hewani?"

Nikajibu kwamba kibao kiko njiani, nikakimbia karakana, nikarudi na kipande cha mbao nikakipigilia juu. Castory akacheka mpaka akakaa chini. Harusi ipo, njoo kwa vigelegele!

Ila kabla hujasikia kwa mama yako: kichwa nilikikata mwenyewe, maana msalaba ulikuwa mrefu kuliko mlango wa kanisa. Mama yako aliniuliza tu, "Kaka, kwa nini hukuulaza?"

Hilo sikuliwaza.

Mjomba wako,
Longinus