Mafuta ya Mashine ya Upepo

Junju, 3 Februari 2025

Kwa shemeji Kyalo,

Pokea salamu za huku kwetu. Charity na watoto ni wazima, mvua tu ndiyo imetusahau. Goti la dada yangu Jedida laendeleaje? Nisalimie sana, hata kama bado amenikasirikia tangu mafuta yake ya nazi yalaumiwe, na chupa yake haiji tena.

Nakuandikia kwa simu ya Charity, na najua utacheka. Mimi niliyeapa sitashika tena bunduki ya rangi, nimepata mashine ya upepo, kompresa ya kupigia rangi magari. Bwana Mohammed, mwenye nyumba wangu, aliachiwa na fundi aliyehama. Nimpigie rangi pikapu yake kwanza. Ikitoka safi, banda ni langu nifungue gereji, niachane na kuchonga mawe.

Ila naogopa, shemeji. Tangu nilipoharibu gari la yule mteja wa Gede kwa mikono yangu ya mafuta, siipaki kitu. Naiosha kwa sabuni ya unga hadi yapasuka. Charity asema ameolewa na kenge. Basi nieleze, mle ndani hutiwa oili gani? Ile ya Mzee Abdillahi, tulipokuwa sote gerejini kwake, ulikuwa ukiitunza wewe. Nikiharibu na hii, sina mlango mwingine wa kubisha.

Shemejiyo,
Randu

Gede, 5 Februari 2025

Shemeji Randu,

Ujumbe wako umenikuta salama, na Jedida yuko, goti linamsumbua akiinama tu.

Sasa nisikilize vizuri. Nunua oili ya kompresa yenyewe, mkebe umeandikwa hivyo. Usitie oili ya injini ya gari, hata kama imebaki mkebeni na duka la Malindi limefungwa. Ile hufanya povu, na ikiungua huacha masizi kwenye vali. Mashine ikiwa imezimwa na imekaa sawa, tazama kile kioo kidogo cha mviringo: oili ifike katikati ya doa jekundu, basi. Ukijaza kioo kizima, oili inapanda na upepo, inapita mpirani, na rangi inatoka na vijishimo vya duara, kama matone ya mvua mchangani. Hapo utalaumu rangi, utalaumu mkono, kumbe ni oili.

Kila jioni fungua koki chini ya tangi umwage maji. Oili ikigeuka kama maziwa, maji yameingia. Ikiwa nyeusi, imechoka, badilisha.

Usiogope. Mikono yako haina neno.

Shemejiyo,
Kyalo

Junju, 9 Februari 2025

Shemeji,

Salamu. Oili nimenunua, nimetia hadi katikati ya doa kama ulivyosema. Rangi sijapiga.

Vijishimo vya duara kama mvua mchangani. Ndivyo lilivyotoka lile gari, nililitazama nimepiga magoti. Na hilo duka la Malindi lililofungwa, mimi sikukuuliza habari zake.

Mzee Abdillahi alininusa mikono mbele ya watu. Wewe ndiye uliyemwambia, "Dada yake humpa mafuta ya nazi, hujipaka hata kazini." Nikaamini. Nilimwomba mteja radhi, nikaacha kazi kabla ya kufukuzwa.

Nijibu neno moja tu. Siku ile ulitia nini mle? Dada sijamwambia kitu.

Randu

Junju, 27 Februari 2025

Kyalo,

Kimya chako nakiona. Mohammed aulizia pikapu yake kila asubuhi, na mimi bado naitazama mikono.

Randu

Gede, 14 Machi 2025

Randu,

Kukuuliza hali naona haya, maana hali yako naijua ni nani aliyeifanya.

Nilitia oili ya injini, nikajaza kioo chote. Mchana uleule niliona oili mdomoni mwa bunduki, nikaifuta kwa shati langu. Nilijiambia mzee akijua ni mimi atanifukuza; wewe ni mwenyeji, hutakosa pa kwenda, na mimi nikirudi Ukambani nitarudi na nini? Kisha nikakaa kwenye nafasi yako, nikala. Kila nikisikia ile mashine ikiwaka, nilikukumbuka. Sikufanya kitu.

Mzee Abdillahi nimemwambia. Alitia udhu, akaenda kuswali. Kazi hajaninyima, ila kwenye chai yake hanikaribishi tena.

Jedida ndiye aliyenishinda. Juzi nikamwambia, jikoni. Hakunitukana. Alichukua mbuzi, akaketi na goti lake bovu, akaanza kukuna nazi. Nilitaka kumsaidia, akanisogeza kwa kiwiko. Jana amechemsha mafuta, amejaza chupa.

Nilisema nitampa dereva stejini akufikishie. Amekataa. Ati niilete kwa mkono wangu, nikukabidhi mbele ya mkeo, niseme kwa nini haikuwa ikija.

Naja kesho, Jumamosi. Ukiwa hutaki kuniona, mwambie Charity aipokee mlangoni. Neno nitalisema hapo hapo, hata kama u ndani.

Kyalo, mume wa dada yako