Lenzi ya Themanini

Jumatatu, 4 Machi 1968
Studio wazi tangu saa mbili. Kamera mpya ina siku ya tano kazini. Nyepesi, na filamu yake ndogo ni rahisi. Lenzi nilichagua ya milimita themanini, sawa na ya kamera kubwa, nisijifunze upya. Otieno, msaidizi wangu, anaweka kamera kwenye alama ya rangi sakafuni. Mimi nasimama kando nikiwachekesha wateja, kisha nabonyeza. Miaka sita tunafanya hivyo. Kuchungulia ndani ya kamera kabla ya kubonyeza ni kwa wanafunzi.

Jumatano, 6 Machi
Mzee mmoja wa Usenge amerudisha picha ya familia. Mke wake mdogo amekatwa ukingoni mwa picha. Limebaki bega tu. Mama huyo anasema mke mkubwa alitoa hongo ili yeye aondolewe. Nimeapa sivyo. Lakini nani aliweka kamera?

Alhamisi, 7 Machi
Picha ya kwaya: waimbaji wa ncha zote mbili hawapo. Alama iko palepale. Otieno anaisogeza kamera nikigeuka, sina shaka. Nasikia anatafuta chumba mtaani Kondele, bila shaka afungue studio yake. Anataka wateja wangu. Kikulacho ki nguoni mwako.

Ijumaa, 8 Machi
Nimemfukuza. Nimemwita mwizi mbele ya wateja. Ameweka ufunguo mezani akatoka. Kutoka upesi hivyo ndio ushahidi.

Jumatatu, 11 Machi
Maharusi. Kamera nimeiweka mwenyewe, juu ya alama. Nimesafisha filamu: baba wa bibi harusi hayupo.

Nimelaza negativi ya leo juu ya negativi pana ya kamera kubwa. Imefunika katikati tu. Lenzi inatupa picha ileile. Filamu ndogo inaokota sehemu ya katikati tu, za pembeni zinapotea. Ilitakiwa lenzi ya hamsini, au nirudi nyuma, na nyuma kuna ukuta. Hakuna aliyesogeza kitu. Nimemwonea mtu.

Jumanne, 12 Machi
Nimemkuta Otieno huko Kondele. Chumba kina kitanda, jiko na mtoto wa wiki mbili. Hakuna kamera. Nimeomba msamaha nikiwa nimesimama.

Akasema, "Ungeuliza tu, Bwana. Mimi nilijua hiyo filamu ni ndogo. Siku ya kwanza nilitaka kukuambia, ukasema wewe ndiye fundi."

Ni kweli. Nilisema.

Mkewe alileta ugali na omena, dagaa wa ziwani. Tukala sahani moja. Hakusema atarudi kazini, nami sikuthubutu kuuliza. Nimerudi mjini kwa miguu.