Madam Anasema Nimewasili Nyumbani

Baba Mutheu,

Nakuandikia nikiwa kwa meza yako ya kukunja, hii uliyoifunga bawaba vibaya ikawa inainama kila mtu akiweka kikombe. Gari imesimama kando ya mto mkavu wa mchanga, kabla tu ya kufika Tseikuru. Ndiyo, Tseikuru. Nimeileta mimi mwenyewe. Funga mdomo kwanza, nitakueleza.

Tangu tukuzike sijatulia. Nikikaa nainuka, nikiinuka natafuta pa kukaa. Cherehani imeshika vumbi. Wazazi wananiletea sare za shule, nashona mguu mmoja wa suruali, halafu natoka nje kuangalia kama gari bado iko. Mutheu anapiga simu kutoka Nairobi kila siku, "Mama, si upumzike?" Watu wa kanisa nao wanakuja na sukari na unga, wanasema nipumzike. Kupumzika gani? Nimekuwa kama kuku anayetafuta pa kutagia, nazunguka boma nzima.

Na shida yenyewe waijua. Ama huko hamwambiwi?

Shida ni neno la dada yako. Ulipofariki, Syombua alipiga simu akasema ndugu yake arudishwe Tseikuru, alazwe karibu na baba yenu na mama yenu. Yeye ndiye aliyekulea, hilo simnyimi. Lakini mimi nikakataa. Nikasema hili shamba la Kathonzweni tulilifyeka sisi wawili likiwa kichaka cha miiba, watu wakituuliza kama tumekuja kufuga nyoka. Tukachimba matuta, tukapanda ndengu, tukazaa mtoto hapa. Ukoo wenu ukakaa, wazee wakaongea mpaka majani ya chai yakaisha, mchungaji naye akaongea, na mwisho wakaniachia. Tukakuzika pale juu, mahali unaona barabara, kwa sababu nilijua bila kuona magari utachoka.

Syombua hakuja mazishini. Alinipigia jioni yake akasema neno moja tu, "Umemzika ugenini." Akakata simu.

Ugenini! Hilo neno limenikaa kwa koo mpaka leo. Nalimeza, halishuki. Na wewe mwanaume, miaka yote hiyo hukuniambia unataka kulala wapi. Nikikuuliza unacheka, "Mtanizika pale gari itakataa kuwaka." Haki ningekuwa na nafasi ningekuchapa na mwiko.

Basi sikia. Siku moja nikachoka na kuzunguka boma, nikachukua funguo. Nikasema naenda Kiboko kutafuta mbegu. Mbegu gani, hata mvua haijakaribia, lakini nilitaka kushika usukani tu. Ulinifundisha kuendesha kwa uwanja wa shule, ukinipigia kelele kama unafukuza nyani, na leseni nikapata, kwa hivyo sijaiba kitu. Nilipofungua mlango gari ikanuka wewe. Mafuta ya breki, sabuni ya kipande, na ile mbao ya kitanda ambayo haikukauka vizuri. Nilikaa kwa kiti chako nikalia mpaka nikaona aibu, jirani alikuwa anachunga mbuzi hapo karibu anaangalia.

Unajua watoto bado wanaiita "basi ya shule"? Rangi ya manjano bado inaonekana pale ulipaka ukachoka. Uliiendesha miaka mingi ukibeba watoto wa wengine, na shule ilipoitupa ukaililia ukapewa. Ukang'oa viti. Ukaweka kitanda, kabati, meko ya gesi, tangi la maji juu ya paa. Nikakuuliza hii nyumba nyingine ni ya nini, kwani ile ya mawe ina ubaya gani? Ukasema, "Mama Mutheu, ile haitoki nje ya lango."

Kiboko nilifika vizuri. Nikanunua machungwa, nikageuka kurudi. Na njia naijua, hata ng'ombe wetu anaijua. Lakini gari ilikuwa kimya sana. Nikatamani kusikia Madam.

Nilikuwa namwonea huyo mwanamke wivu, wacha niseme ukweli. Mutheu alikuletea tableti ya kuonyesha njia akaiweka iseme Kiswahili, ikatoka na Kiswahili cha redio, "Baada ya mita mia tatu, pinda kushoto," na wewe unaitikia kama mtoto wa darasa la kwanza, "Sawa, Madam." Mimi nikikwambia pinda kushoto unaniuliza kama nina uhakika. Siku ile kule Mutomo alipokwambia upinde mahali hapana barabara, ukamjibu kwa heshima zote, "Madam, hapo hakuna kushoto, hapo kuna mbuzi." Nilicheka mpaka nikamwaga chai.

Kwa hivyo nikaiwasha. Mutheu alikuwa amenionyesha kidogo, Mama ukipotea finya hii alama ya nyumba. Nikafinya. Madam akaamka, akaanza kusema, na mimi nikafurahi kama nimepata mtu. Tukaenda naye mpaka Makindu. Pale nikakata kwenda Kathonzweni. Akasema nigeuze gari. Nikamwambia tulia, tunaenda nyumbani. Akasema tena nigeuze gari. Mara ya tatu nikaegesha kando nikavaa miwani.

Baba Mutheu, ule mstari wa buluu haukwenda Kathonzweni. Ulishuka Kibwezi, ukapanda Mutomo, ukapita Kitui, Mwingi, Kyuso, ukaenda kukomea juu kabisa, karibu na jina Tseikuru. Na hapo mwisho kuna kanyumba kadogo, kameandikwa Nyumbani.

Woi! Ni kama Syombua amekaa kwa kiti cha pili, amefunga mikono, ananiangalia.

Nilirudi Kathonzweni bila kujua nimeendeshaje. Nikaenda moja kwa moja pale juu kwa kaburi lako nikasimama. Nikakuuliza, kwa hivyo hapa ni wapi? Kila jioni ulivua viatu hapa, ukaosha uso kwa beseni langu, na wakati wote huo nyumbani ni kule? Nilikuzika vibaya? Ungesema! Nilikuwa nimekukasirikia hata sikuweza kung'oa magugu. Nikaenda ndani nikaangalia kitanda, nikaona kama tulikuwa tunalala kwa lojing'i ya kukodi usiku mmoja.

Ningempigia Mutheu aniulizie, aseme labda ni makosa ya mashine. Sikutaka. Mtoto hawezi kunisaidia na hili. Nikaona afadhali nifuate huo mstari mpaka mwisho, unipeleke kwa lango la Syombua, nimwambie, wifi, ulikuwa na haki. Na akisema ufukuliwe, nitasema nini? Hilo ndilo lilikuwa linanikimbiza. Nilijua akisema, sitakuwa na mdomo wa kukataa.

Nikajaza tangi, nikabeba muthokoi, yale mahindi ya kukoboa, na vitunguu, nikaondoka. Mutheu alipojua, tayari nilikuwa nimepita Kibwezi. Alipiga kelele kwa simu, "Mama, hiyo gari ni kubwa! Uko peke yako!" Nikamwambia siko peke yangu, niko na Madam. Nadhani aliogopa kichwa changu kimeenda.

Nimeendesha vibaya, sitakudanganya. Matuta ya barabarani nimeyaruka kama mbuzi, sufuria zikaanguka zote. Kila nikisimama, kabla chai ichemke nataka kuondoka. Nililala Mwingi kwa uwanja wa kanisa, na asubuhi mama mmoja wa pale akaniuliza mzee yuko wapi. Nikamwambia ametangulia. Akasema, "Basi utampata." Sikumrekebisha.

Baada ya Kyuso barabara ikawa vumbi, na mtandao ukaisha, lakini Madam hakujali, ramani uliihifadhi ndani ya tableti. Njiani nilikuwa nafanya mazoezi ya kusema. Wifi, nimekuja. Wifi, nisamehe. Wifi, mimi ni mjane wa ndugu yako, usinifungulie mbwa.

Halafu tukafika hapa kwa mto, mahali pasipo na mtu, na Madam akasema, "Umewasili nyumbani."

Nikaangalia kulia, mchanga. Kushoto, mchanga, na punda wawili wamesimama kwa shimo la maji. Hakuna lango, hakuna paa. Mji wa Tseikuru bado uko mbele. Nilimtukana Madam, Mungu anisamehe. Nikashuka nikaupiga mlango teke. Nimevuka kaunti mbili na roho mkononi, nimekuja kukurudisha kwenu, na hapa hakuna kwenu wala kwetu!

Ndipo nikayaona mawe yako.

Yale uliyoyapanga chini ya gurudumu la nyuma, moja juu ya lingine kwa ufundi wako wa kujifanya mwashi. Bado yamekaa. Ile safari yetu ya kwanza, tukienda kumwonyesha Syombua gari, tukazama hapa. Watu walikuja kutusukuma ukawaambia warudi kesho, ati gari inapumzika. Mimi nilijua ni wewe umependa mahali. Tukalala hapa. Nakumbuka nilikuwa huku nyuma nakaanga vitunguu, na wewe mbele unaifungua hiyo tableti mara ya kwanza, maana ulikataa kuishika mpaka upotee. Nikakusikia unanung'unika, "Huyu madam ana maswali mengi." Nikakuuliza anataka nini. Ukasema si kitu, pika.

Nilisimama kwa hayo mawe nikiwa sijui nicheke ama nilie. Lakini bado sikutulia, unanijua. Pengine ulifinya tu bila kuangalia. Pengine ulitaka kuweka Tseikuru kidole kikateleza. Nikapanda gari nikaenda kwa dada yako hivyo hivyo.

Syombua amekonda. Alikuwa kwa lango, na nadhani aliisikia gari kutoka mbali, kwa sababu alikuwa ameshavaa leso safi. Hakunisalimia. Akanipita, akapanda ngazi ya gari pole pole akishika ukuta, akakaa kwa kitanda chako, akapapasa mbao. Nikaanza, wifi, nimekuja kwa sababu ya tableti. Nikamweleza yote. Nilipotaja mto akaanza kulia, akajifunika uso na leso.

Akaniambia tulipofika kwake safari ile ulimsimulia pembeni ukicheka. Ati mashine ilikuuliza nyumbani ni wapi. Ukafikiria Tseikuru, ukafikiria Kathonzweni, na ulikuwa karibu kuacha bila jibu. Halafu ukasikia vitunguu vinalia kwa sufuria na mimi nikilalamika kisu hakikati. Ukafinya hapo hapo ulipokuwa. Yeye akakwambia umekosea, rekebisha. Ukamjibu, "Hakuna cha kurekebisha. Nyumbani ni pale huyu anapika."

Kisha dada yako akasema jambo ambalo sitalisahau. Akasema, "Nilipokuambia umemzika ugenini, nilikuwa nayajua hayo maneno. Nilikuwa namtaka tu karibu."

Sikumkasirikia. Nilitaka, nikatafuta hasira sikuipata. Tulilia wote wawili juu ya kitanda chako ambacho kinalia kuliko sisi, mpaka yeye akaanza kucheka, akaniuliza kwani uliunga hii mbao na mate?

Sasa ameingia safarini nami. Hajawahi kufika Kathonzweni, na anataka kuona mahali umelala. Amebeba kiondo cha mchanga wa boma lenu, atauweka mwenyewe hapo juu yako. Nimemwambia ni sawa, karibu, hata ukileta boma lote. Tumesimama hapa kwa mto kwa sababu nilitaka aone yale mawe, na pia kwa sababu njaa ilitushika. Yeye ndiye anapika. Ananiambia kisu hakikati. Nimemwambia hicho kisu hakijawahi kukata.

Mutheu akija atataka kuniwekea Kathonzweni kwa hiyo alama ya nyumba, ili nisipotee. Namuahidi kila kitu kingine, lakini hapo hatagusa. Na wewe nakuahidi hivi: cherehani nitaipangusa, magugu yako nitayang'oa, na dada yako nitamrudisha kwake salama. Lakini usinitarajie nitulie. Miguu bado inawasha, tena afadhali sasa inawasha kwa kutaka kwenda.

Syombua ananiita chakula kiko tayari, na Madam hajanyamaza tangu tusimame, kila nikiigusa tableti anasema nimewasili. Sawa, Madam, tumesikia.

Lala salama hapo nilipokulaza, Baba Mutheu. Hapo ni kwako, sasa najua. Na nyumba hii nyingine, ile inayotoka nje ya lango, nitaiendesha mimi.

Wako,
Mama Mutheu