Wateja Waliotazama Mlima

Jumanne, baada ya mvua

Leo duka langu limejaa wateja hadi mlangoni, watu wakakosa pa kukanyaga.

Basi, uongo. Walikuwa wakwe zangu wawili, waume wa binti zangu, nami ndiye niliyewaita waje wajifanye wanunuzi. Tangu mpangaji wangu ahamishie vitambaa vyake Moshi, chumba cha mbele ki tupu, na Wadachi, hawa Wajerumani wanaotutawala, wametangaza kwamba duka lisilo na biashara kwenye barabara ya boma litavunjwa, kiwanja apewe mtu wa kujenga kwa mawe. Chumba cha nyuma ndimo tunamolala.

Akida wao alipokuja kukagua, chumvi ya kuazima ilikuwa mezani. Ila hiki kichwa changu kizee kilisahau jambo moja: muuzaji nilimweka mke wangu. Mkwe gani wa Kimeru atamtazama mama mkwe wake usoni? Wakasimama mlangoni wamempa mgongo, wamejifunika shuka, wanauliza bei ya chumvi huku wanautazama mlima.

"Mzee, mbona wateja wako wanaongea na mlima?" akida akauliza.

"Wanauomba uwapunguzie bei," nikasema.

Hakucheka. "Kesho narudi. Nisipoona biashara, anzeni kuhamisha vyombo."

Mke wangu hajanisemesha tangu hapo. Naogopa kweli.

Mungu, mawe ya kanisa lako niliyabeba kwa mgongo huu, wala sikukudai hata asante. Kesho niletee mteja mmoja tu, asiye mkwe wangu.