Siku Mama Aliposhika Foni

Manika, Kolwezi

Mjukuu wangu Béa,

Nakusalimu kwa furaha. Hapa tuko wazima, na mama yako ameanza tena kuuza mihogo sokoni.

Uliniuliza ufanye nini na wale mama wa parokia unaowafundisha simu, wanaoogopa kuigusa na kukuambia, "Fanya weye tu, mutoto."

Nilipokuwa msichana kule Kasaji, misheni ilikuwa na redio ya kuongea na watu wa mbali. Tuliiita foni. Kaka yangu alikuwa amekuja Kolwezi kutafuta kazi, tukakaa muda mrefu bila habari zake. Siku aliyoitwa kwenye foni ya Kolwezi, Mama akaenda misheni, mimi nikamfuata. Tata Ilunga, mwenye kuendesha foni, alivaa vya masikioni, akasikiliza, akasema, "Mama, mutoto wako anasema iko muzima."

Mama hakuondoka. "Ni weye unasema. Miye nataka kumusikia yeye."

Tata Ilunga akafungua sauti, akampa mikro, kile cha kuongelea. "Bonyeza, sema, kisha achilia."

Mama akabonyeza, akasema, akalia, wala hakuachilia. Tata Ilunga hakumnyang'anya. Alingoja, kisha akamwambia polepole, "Achilia sasa, mama."

Sauti ya kaka ikajaa chumba: "Mama, ni miye."

Siku nyingine nilimkuta mama pale pale, amesimama kando ya mwanamke aliyekuwa amebonyeza mikro bila kuachilia.

"Achilia, dada," alikuwa akimwambia. "Ukishikilia hivyo, hataweza kukujibu."

Uwasalimu hao mama wako, na simu ibaki mikononi mwao.

Bibi yako, kambo wako anayekupenda,
Marie